Tundu la Tatu

Rahamatou alikichopoa kwenye kamba kitambaa chake cha meza chenye matundu ya darizi, na nyuma ya kitambaa akamkuta Saïda, binti wa jirani, kidole kikiwa bado kimenyooka hewani.

"Nenda kwenu," alisema. "Mwanangu si kichekesho."

"Simcheki, Mama Moinaecha. Anapenyeza kidole tunduni, namgonga, naye ananigonga. Leo kanigonga mara tatu."

Hakumsadiki. Moinaecha alikuwa na miaka saba, haitiki jina lake, hatazami uso wa mtu. Watoto wa mji wao, Hell-Ville, walikuwa wamekwisha kumwigiza vya kutosha. Wageni wakija, mama yake alimfungia chumbani. Siku hiyo pia alimwingiza ndani, kisha akafua alama ya kidole chenye vumbi iliyobaki kwenye ukingo wa tundu la tatu.

Kudarizi alijifunza kisiwani Nosy Komba: zungushia uzi kwanza, ndipo ukate tundu. Ukitanguliza mkasi, kitambaa kinafumuka.

Wiki iliyofuata Mariama, mama yake Saïda, alihamia mji wa Mahajanga na watu wake wote. Ndipo Rahamatou alipoona. Kila alasiri Moinaecha alisimama mbele ya kitambaa kile, akapenyeza kidole kwenye tundu la tatu, akangoja. Siku moja Rahamatou alizunguka nyuma, akakigonga kidole hicho polepole. Mtoto akakichomoa kama aliyeungua.

Kitambaa hakukiuza. Miaka kadhaa baadaye, mwaka wa 1980, alikikunja, akamshika mwanawe mkono, wakapanda meli mpaka Mahajanga.

"Bado unashona matundu?" Mariama aliwapokea kwa kicheko mlangoni pake, mtaa wa Antanimasaja. "Nani atakula wali juu ya kitu hicho? Si utamwagikia magotini."

"Saïda yupo?"

Saïda alitoka, amerefuka, mwenye haya ya msichana anayekua.

"Nilikufukuza," Rahamatou alimwambia, "na ulikuwa unasema kweli."

Msichana alitazama miguu yake. "Zamani hizo, mama. Nilikuwa mdogo."

Rahamatou alifungua mzigo wake. Alikitandaza kitambaa kwenye kamba ya uani, akakaa pembeni. Moinaecha hakuambiwa kitu. Alikwenda mwenyewe, akahesabu kwa macho kutoka ukingoni, na kidole kikapenya.

Chini ya pindo, upande wa pili, zilionekana ndara za Saïda. Zilisogea hatua moja, zikasimama.

Mikono ya Rahamatou, iliyozoea sindano, ililala mapajani bila kazi. Kidole cha Moinaecha kilibaki palepale tunduni, kimetulia, kikingoja kugongwa.