Anza Kulia

Nyumba yangu ya Mishomoroni haifungwi mlango mchana. Apitaye huingia, aingiaye hukaa, na akaaye huondoka na habari. Ndiyo maana mwaka ule uliofuatia mvua za Elnino, mambo ya Mwanarusi yalifika kisimani kabla yeye mwenyewe hajayajua.

Mwanarusi ni binti wa kaka yangu. Nilimchukua kwao Likoni baada ya kumzika mwanawe, Boga, mtoto wa miaka mitatu aliyekwenda na homa wakati maji yamejaa mpaka kizingitini. Mume alishaondoka zamani. Matanga yote hakutoa chozi. Ukimwambia kula, "haya." Ukimwambia lala, "haya." Kwangu alikuja na haya hiyohiyo. Wanawake wakinong'ona uani: asiyemlilia mwanawe atamlilia nani? Nami nawanyamazisha kwa mdomo, lakini moyoni nauliza swali lilelile.

Chumba cha mbele alipanga Kache, Mgiriama, na bintiye Kahaso. Kache alikuwa mtu wa kucheka. Hata picha ya pasipoti alipiga akicheka, mpiga picha akamgombeza, akacheka zaidi.

Jioni moja akaja Bi Mwanarehema, ajenti wa kupeleka wasichana Arabuni, mwenye ofisi yake Magogoni juu ya duka la mbao. Kikombe cha kwanza hakijaisha, ametoa jipya.

"Siku hizi sipeleki picha kwa posta, shoga. Nimepata kijana wa bara, Absalom, amenitengenezea ukurasa kwenye intaneti. Bibi wa Jedda anakaa kwake, anawaona wasichana wamepangwa bega kwa bega, watatu watatu. Uso juu, maelezo chini. Jina, umri, dini, ana mtoto hana mtoto, anajua kupika nini. Anachagua kama anayechagua kanga."

"Wallahi, kama kanga!" Kache akapiga makofi. "Basi jina la kanga yangu andikeni: *Nicheke nisicheke, kazi nitafanya*."

Watu wakacheka. Mwanarusi alikuwa pembeni akichagua mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Na mimi niwekwe."

Chumba kizima kikamgeukia.

"Mwanangu," nikamwambia, "Arabuni ni mbali."

"Nataka mbali, shangazi. Huko hakuna anayenijua." Akaendelea na mchele wake.

Basi wakawekwa watatu kwenye safu moja: Mwanarusi, Kache, na Rispa, msichana wa Changamwe. Muda si mrefu Rispa akapata kazi, akaenda, akapiga simu kwamba amefika salama. Tukauamini ukurasa. Kisha Bi Mwanarehema akaingia kwa vigelegele: bibi mmoja wa Jedda amemchagua Mwanarusi. Visa inakuja.

Mimi ni mtu wa watu, sikuweza kumwacha aondoke kimyakimya. Nilipika pilau, nikafukiza udi, dua ikasomwa. Walikuja hadi wa Magogoni nisiowajua majina. Mwanarusi akagawa vitu vyake: mkeka huyu, sufuria yule. Kikombe cha bati cha marehemu Boga akampa Kahaso, akampa tu kama anayempa mtu chenji yake, akaenda kuosha mikono.

Wiki iliyofuata Bi Mwanarehema akaja tena. Akasimama mlangoni. Yeye, asiyepita mkeka bila kuukalia!

"Nilimtumia yule bibi pasipoti kwa faksi," akasema. "Amepiga simu. Anasema huyu siye."

"Siye vipi? Hamjui Mwanarusi?"

"Anasema aliyemchagua anacheka."

Tukatazamana. Kisha sote, pamoja na Kache, tukamgeukia Kache.

Tulikwenda Magogoni wanne. Absalom akatuwekea viti, akawasha kompyuta, simu ikalia kama paka aliyebanwa na mlango, na baada ya kitambo ukurasa ukaanza kujitokeza kutoka juu kwenda chini, paji la uso kwanza, macho, midomo. Nyuso tatu bega kwa bega. Kushoto, Kache na kicheko chake. Katikati, Rispa. Kulia, Mwanarusi, anatazama kama mtu anayengoja kuitwa.

Absalom akatusomea Kiingereza kilichoandikwa chini. Chini ya Kache: Mwanarusi, miaka ishirini na minne, hana mtoto. Chini ya Mwanarusi: Kache, miaka ishirini na sita, mtoto mmoja.

"Umewachanganya!" Bi Mwanarehema akamaka. "Picha nilikupangia mezani mwenyewe! Si nilikwambia anza kulia?"

Absalom akajikuna shingo. "Madam, nilijua unanichekesha. Kazi ilikuwa mingi, ukasema anza kulia. Nikacheka. Ukacheka pia."

"Nilicheka kwa kuwa wewe umecheka! Kulia, mkono wa kulia! Mimi hata kahawa huzungusha kuanzia kulia. Nani aanzaye kushoto?"

"Kompyuta, madam. Kompyuta inaanza kushoto. Picha nikachukua vile zimelala, na karatasi za maelezo nikafuata namba zako, ya kwanza Mwanarusi."

"Na Rispa?"

"Rispa alikuwa katikati. Kulia, kushoto, katikati ni katikati."

Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake.

"Basi huyo bibi atwambie anamtaka nani," nikasema. "Kama anataka uso, aende Kache."

"Nilimwambia." Bi Mwanarehema alishusha pumzi. "Akisikia Kache ana mtoto hataki. Wenye mtoto, asema, hulia usiku na kuomba kurudishwa. Anataka huyu anayecheka, na anataka asiwe na mtoto."

"Huyo hayuko," akasema Absalom.



Kache akasimama. "Mimi nitoe kabisa. Kama Kahaso ni kasoro, basi wabaki na Jedda yao." Absalom akabonyeza-bonyeza. Kicheko kikaondoka na maneno yaliyokuwa chini yake, pakabaki uwazi upande wa kushoto.

"Sasa huyu wetu," Bi Mwanarehema akasema, akimgusa Mwanarusi begani. "Usivunjike moyo, mwanangu. Hapo pako Absalom atafuta, ataandika yako. Jina lako, umri wako, hana mtoto. Wiki mbili hazipiti utapata bibi mwingine."

Nilingoja "haya" yake.

Mwanarusi alikuwa amesogeza kiti. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nane, lakini maneno yale mawili aliyajua. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya uso wake mwenyewe, juu ya *mtoto mmoja*.

"Jina badilisha," akamwambia Absalom. "Na umri."

Absalom akabadilisha.

"Na hapa?"

"Hapo paache."

Bi Mwanarehema akainama karibu naye. "Mwanangu, umesikia maneno ya yule bibi. Ukiacha hivyo hakuna atakayekuchagua. Hutakwenda."

"Nimesikia."

"Na ulitaka kwenda."

"Nilitaka."

"Basi aandike hana?"

"La," akasema Mwanarusi.

Tangu aje kwangu sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Halikuwa kali. Alilisema kama anayesema mlango umefungwa. Absalom alimtazama ajenti, ajenti akanitazama mimi.  Nikaashiria kwa kichwa: aache. Akaacha.

Tulirudi kwa miguu. Kache hakucheka njia nzima.

Nyumbani tulikuta watu wamejaa, maana habari zilishatangulia. Mikeka yote imekaliwa, Kahaso katikati yao anakunywa chai kwa kikombe cha bati. Jirani mmoja, yule mwenye ulimi, hakungoja hata tuvue viatu.

"Ehe, msafiri! Pilau yako tumeila, nawe bado u papa hapa? Umeambiwaje huko?"

Mwanarusi alimpita, akaenda kumtengeneza Kahaso vidole kwenye mkono wa kikombe, chai isimmwagikie. Akakaa karibu naye.

"Nimeambiwa nina mmoja," akasema.

 Uso wake ulikuwa vilevile, mkavu. Nikachukua birika, nikaanza kumimina, kulia kwanza, kwa kila aliyekuwapo.