Binti wa Benchi la Leba

Saa nne asubuhi Mama Usafi alikuwa amepiga deki nusu ya korido ya leba, akimwagia dawa pale wenye viatu vya tope walipopita, huku akiwatukana kimoyomoyo. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa binti wa watu wa milimani, mimba yake ya kwanza. Mama yake mzazi alikuwa amezuiwa getini na mlinzi.

"Ndugu nje mpaka saa sita. Hapa si sokoni."

Ndani, wajawazito wanane walikuwa wakilia, kila mmoja kwa sauti yake, na muuguzi alikuwa mmoja tu. Akatoa kichwa mlangoni, jasho likimtiririka.

"Huyo wa benchi bado. Mwenye uchungu si utamsikia?" akasema, akarudi mbio kwa wanaopiga kelele.

Mama Usafi akautazama mguu wa binti. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimekwaruza sakafu aliyotoka kuisugua. Pindo la kanga lilikuwa mdomoni, na pumzi ilitokea puani. Akajua. Kwao milimani mwenye uchungu halii wala hajisemei. Mama yake humshika mgongo, ndiye anayesema: sasa, bado, leteni maji. Na wa kumsemea binti huyu alikuwa getini, anabishana na mlinzi.

Alijua kwa sababu na yeye ni wa huko huko. Miaka kumi na moja alikuwa ameificha lugha yake kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka. Wenzake walipowacheka "wale wa milimani wanaozaa kama mbuzi," alicheka nao, tena kwa sauti. Mwezi uliopita alimwambia muuguzi mkuu kwamba mgonjwa fulani anatetemeka, akajibiwa, "Wewe kazi yako ndoo." Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huu. Hakutaka kitumbua chake kiingie mchanga.

Nikimaliza korido nitasema, alijiambia. Akaenda mpaka mwisho, akakamua dekio, akabadilisha maji ambayo hayakuwa machafu kiasi hicho.

Aliporudi, binti alikuwa amechuchumaa kando ya benchi na sakafu ilikuwa imelowa. Mama Usafi akapiga yowe lililomtoa muuguzi mbio. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Muuguzi alihangaika naye kwa mikono yote miwili, akampuliza, akamsugua, akamwita "baba, baba, lia basi." Mtoto hakulia. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mama Usafi hayakungoja hata saa moja.

Saa saba muuguzi mkuu alikuja na fomu na kidau cha wino. Binti alikuwa amelazwa, na mama yake, aliyeruhusiwa sasa, amemkumbatia kutoka nyuma.

"Hawa nani anajua kilugha chao? Anatakiwa aweke dole gumba hapa, palipoandikwa: *Mzazi hakutoa taarifa ya uchungu.*"

Wauguzi wakatazamana. Mama Usafi akaegemeza dekio ukutani.

"Mimi najua."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Akapiga magoti kando ya kitanda. Maneno ya kwao yalitoka kwa shida, mengine ameyasahau.

"Karatasi hii inasema ulinyamaza, mwanangu, na kwamba kosa ni lako. Usiweke kidole. Mimi nilikuona."

Binti akaugeuzia uso wake ukutani. Mama yake ndiye aliyemtazama Mama Usafi, kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Ni wa kwenu, mama."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

Mama Usafi akalivuta shuka, akamfunika binti miguu.

"Anasemaje?" muuguzi mkuu akauliza, kalamu mkononi. "Anakubali?"

"Anauliza asubuhi tulikuwa wapi."

"Hilo halina nafasi kwenye fomu."

"Basi liandike pembeni," akasema Mama Usafi, na kile kidau cha wino akakichukua, akakitia mfukoni mwa aproni yake.