Bingwa Asiyejua Kutamba

Kijiwe cha dama, nyuma ya duka la fundi viatu, kina sheria moja: ukishinda, unatamba mpaka jioni, na aliyefungwa ananyamaza. Siku binti wa fundi huyo alipoleta roboti la kucheza dama, lilimfunga fundi mara tano mfululizo. Fundi akaubana mdomo, akasubiri kejeli. Roboti likapanga kete upya, basi.

Uvumilivu ukamwishia. "Sema kitu! Umenigaragaza hivi, halafu kimya?"

Roboti likasubiri asogeze kete.

Fundi akasimama, akamwita fundi cherehani wa jirani, mpinzani wake wa miaka ishirini, mwenye domo lisilo na breki.

"Njoo unifunge wewe, ndugu yangu. Hili dude halijui hata kwamba nimeumia."