Lango Alilochomelea Parmuat

Mara ya kwanza Parmuat kushika rodi ya kuchomelea, akiwa na miaka hamsini na mmoja, rodi iling'ang'ania chuma kama kupe. Akavuta, ikakataa.

"Zungusha mkono, Baba Seleyian," alisema Waruguru, mwalimu wake, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. "Usishindane nayo."

Ukame ulikuwa umemwachia Parmuat ng'ombe wanne tu. Ndiyo maana kila jioni, akitoka kazini kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Kitengela, alipitia darasani kujifunza ufundi. Kabla ya kuwasha mashine alisali kwa sauti ndogo. Vijana walimcheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanangoja aseme amina ndipo wawashe zao.

Nyumbani, upande wa Kajiado, mambo yalikuwa mengine. Tangu zamani mfugaji wa Kimaasai alimdharau mfua chuma. Siku hizi watu ni wa kanisa na wa shule, lakini dharau ile haijaisha yote, na kaka yake mkubwa, Ledama, hakuificha.

"Ng'ombe wamekushinda, sasa unafua chuma?" alimuuliza mbele ya wazee.

"Hata Bezaleli wa kwenye Biblia alifanya kazi ya madini, na Mungu ndiye aliyemjaza ujuzi."

"Bezaleli hakuwa wa ukoo wetu."

Wazee walicheka. Parmuat naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Lango la njia nyembamba ya kuchanjia ng'ombe lilipoliwa na kutu, aliomba alitengeneze yeye. Ledama alikubali kwa sharti moja: likivunjika, Parmuat asiguse chuma tena maisha yake yote.

Darasani mshono wake wa kuunganisha vyuma ulikuwa bado mbaya, umevimba huku, umetoboka kule, na takataka zimefungiwa ndani.

"Unaisukuma rodi," Waruguru alimwambia. "Kwa nini unaisukuma?"

Parmuat alifikiri. Maisha yake yote alikuwa ametembea nyuma ya ng'ombe akiwa na fimbo. Mkono wake haukujua njia nyingine. "Ng'ombe huswagwa, mwalimu."

"Hapa hatuswagi. Hapa tunavuta."

Ndipo akakumbuka ndama. Ndama huendi nyuma yake. Unatangulia na kamba, naye anakufuata. Aliilaza rodi kidogo, mkono ukatangulia. Hakuutazama mwanga, alilitazama dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, nalo likamfuata polepole. Rodi ilivyozidi kufupika, ndivyo alivyoushusha mkono. Sauti ikawa ya mafuta yanayokaanga. Alipogonga kwa nyundo ganda la takataka lililoufunika, mshono ulikuwa umelala kama shanga za mke wake, Nashipae.

Waruguru aliuangalia sana. "Huu," alisema, "hata mimi ningeutia sahihi."

Wiki tatu baadaye lango lilikuwa limesimama. Asubuhi ya chanjo, ng'ombe wakiwa wamejaa zizini na Nzula, daktari wa mifugo, akifungua dawa zake, Parmuat aliliangalia tena akaishiwa na amani. Bawaba ya chini alikuwa ameichomelea kwa haraka, mafuta ya jenereta yakielekea kuisha, na alikuwa amepitisha mshono wa pili bila kugonga ganda la kwanza, nalo likabaki limefungiwa ndani. Kwa nje ulipendeza. Nani angejua?

Alisali pembeni, akasimama, akawasha jenereta na kuukata mshono ule mbele ya watu wote.

"Fundi anabomoa kazi yake mwenyewe," Ledama alisema. "Mmeona wapi?"

"Ngoja kidogo, kaka."

"Fahali wangu hajui kungoja."

Parmuat alikwangua chuma mpaka kikang'aa. Akachomelea, akagonga ganda, akapiga brashi, akachomelea tena juu yake. Hakuharakisha, ingawa watu walikuwa wameanza kuguna. Kisha akaacha chuma kipoe chenyewe.

Fahali wa Ledama aliingia wa kwanza. Nzula alipomgusa tu kwa sindano, mnyama alijitupa mbele kwa uzito wake wote, kichwa chini, kikagonga lango pale pale karibu na bawaba ya chini. Mtikisiko ulifika miguuni mwa watu. Aligonga tena. Mara ya tatu pembe ilikwama kwenye bomba la lango, akakichomoa kichwa chake kwa hasira. Nguzo iliinama kidogo. Mshono haukuachia.

"Mshikeni fahali, si lango," Nzula alisema. "Lango halina shida."

Wazee walianza kucheka, na safari hii walikuwa wakimtazama Ledama. Yeye alikwenda akainama kwenye bawaba, akapitisha kidole juu ya mshono, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lile lango la kisimani nalo limeoza," alisema mwishowe, bila kugeuka.

"Nimeliona."

"Umeliona na bado umesimama? Wewe si ndiye fundi wa ukoo huu?"

Parmuat alimshukuru Mungu kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia, kisha akabeba mashine yake begani kuelekea kisimani, na wazee wakamfuata kwenda kuangalia.