Batholomeo kwenye Stesheni ya Korongo

Jumanne moja ya Oktoba 1997, Batholomeo alikunywa uji wa uwele, akavaa viatu vyake vya mpira, akaenda kazini kwenye josho la kuogeshea ng'ombe la ranchi, nje kidogo ya Mpwapwa. Mpaka Juni ranchi ilikuwa ya serikali. Sasa ilikuwa ya mwekezaji. Jioni hakurudi. Siku ya tatu Lea, mkewe, alikwenda kuuliza. Meneja akamfungulia daftari la wafanyakazi. Mbele ya jina la Batholomeo paliandikwa kwa wino mwekundu: Mtoro.

Mtoro hana matanga. Padre hamwombei, na majirani hawaji kulala msibani. Mama mkwe, bibi Anyesi, alimwambia Lea asijifunge kanga ya ujane kwa ajili ya mwanamume aliyeko Morogoro kwa mwanamke mwingine.

"Wanangu wana miguu miepesi," alisema. "Baba yao alikuwa hivyo hivyo."

Kila jioni Lea alimpakulia mumewe ugali, na asubuhi akawamwagia kuku.

Mwezi Machi alikuja Masudi, mwenye ukumbi wa video. Masudi alikuwa na dishi kubwa, akilizungusha kwa nondo, na alichokipenda kuliko vyote ni stesheni ya korongo, yenye nembo ya ndege huyo, iliyoonyesha wanyama tu. Kila nchi ilikuwa na toleo lake: wanyama wale wale, korongo yule yule kwenye kona ya kioo, ila maneno ya wenyeji. Masudi aliyanasa matoleo saba.

"Shemeji, Batho yuko kwenye korongo wa Wataliano."

"Anafanya nini?"

"Anaongea. Njoo umwone mwenyewe, mimi Kitaliano sina."

Lea alichukua kigoda chake, akaenda. Saa kumi, baada ya viboko, Batholomeo alitokea amesimama kando ya josho, viatu vya mpira vimelowa. Alikuwa amekonda. Midomo yake ilisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, Lea aliiona vizuri, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Mtaliano mwenye mafua. Aliongea dakika nne, kisha wakaingia pengwini.

Jumanne zilizofuata Masudi alizungusha dishi. Batholomeo aliongea Kireno, akaongea Kihindi, akaongea Kiarabu na lugha nyingine mbili ambazo hakuna aliyezitambua. Kwenye toleo la saba, lile la Afrika, dakika hizo nne lilikuwepo tangazo la sabuni.

"Kwetu wamemkata," alisema Masudi.

"Na la Kiswahili?"

"Halipo. Wanasema bado hatujatosha."

Aprili barua zikaanza kufika posta, kutoka Brazili, Bombay, Italia, zenye maua yaliyokaushwa na kadi za rambirambi zenye pembe nyeusi. Restuta wa posta alizileta katika kiroba cha unga. "Huko wote wanajua wewe ni mjane," alimwambia Lea. "Hapa ndiyo tumechelewa."

Padre Sostenes alikuwa amesoma Roma. Jumanne iliyofuata alikaa mbele ya televisheni, akaandika nyuma ya bahasha, kisha akasoma polepole. Bomba la josho lilikuwa limeziba. Meneja alimwambia Batholomeo ashuke alizibue bila kumwaga dawa, maana ng'ombe walikwisha kupangwa foleni. Dawa ikamlewesha, akaanguka. Walimfukia nyuma ya tangi kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mchana walitarajia wageni wa mwekezaji.

"Na anamwambia mama yake," Padre alimalizia, "Morogoro hajawahi kufika."

Bibi Anyesi alijitanda kanga kichwani.

Kesho yake walikwenda wote ranchini. Meneja aliwapa viti.

"Padre, sikukatalii. Lakini hilo ni toleo la Italia. Sisi hapa tuko toleo la Afrika, na nimeliangalia mwenyewe. Hayumo."

"Basi tuchimbe pale nyuma ya tangi."

"Pale ni pa mwekezaji. Kibali kinatoka makao makuu."

"Makao makuu yako wapi?" aliuliza Lea.

"Hata mimi hawajaniambia, mama."

Polisi nao walisema waletewe toleo la hapa nchini.

Huu ni mwaka wa tatu. Matanga yalikaliwa kwa Masudi, kwenye mikeka, mbele ya televisheni. Kila Jumanne saa kumi wanawake hulia dakika nne. Pengwini wakiingia, hufuta macho, hukunja mikeka. Kibali hakijafika, na katika daftari neno ni lile lile.

Lea ana ng'ombe wanne. Kupe ni wengi, na josho jingine liko Kongwa. Kwa hiyo kila Ijumaa huwaswaga mpaka ranchini, hupanga foleni na wenzake, na zamu yake ikifika huwapitisha kwenye dawa.