Daraja la Kupanda Tu

Pale halmashauri walimwita Mama King'ora, na yeye alishazoea. Kazi yake ilikuwa kupanga namna mji utakavyokimbia siku bahari ikiamua kuingia nchi kavu. Alipewa kazi hiyo wakubwa walipoanza kuogopa habari za tsunami, wakatafuta mtu asiyechoka kubishana. Naye kubishana alijaliwa.

Mji ule ulikaa vibaya. Mitaa ya chini ilibanwa kati ya ufukwe na mto, na njia ya kwenda mlimani ilikuwa moja tu: daraja jembamba la zege ambalo magari mawili yakipishana lazima vioo vikunjwe. Mama King'ora alilitazama daraja lile mpaka likamwingia ndotoni. Akatoka na kanuni iliyowatoa watu mapovu mkutanoni: king'ora cha pili kikilia, daraja ni la kupanda tu. Hakuna anayeshuka, awe nani, awe na sababu gani.

"Hata daktari?" aliuliza mwenyekiti.

"Hata daktari. Mmoja akishuka, wa pili atasema mbona yule. Wakifika kumi daraja limeziba, na waliokuwa wanapanda wanafia juu yake."

Kanuni ikapita. Tangazo la vipaza sauti alilirekodi mwenyewe, maana mtangazaji waliyemleta alisoma kana kwamba anauza sabuni.

Kitu ambacho hakukisema mkutanoni ni kwamba baba yake aliishi kule kule chini, kwenye mtaa unaopakana na ufukwe. Mzee alikuwa seremala. Kiharusi kilimchukua upande mzima, akabaki na mkono mmoja na ulimi mkali. Mara ngapi binti yake alimsihi ahamie kwake mlimani! "Nije kwako nitazame ukuta?" mzee alijibu. "Hapa napata upepo, nasikia watu. Niache." Aliyekaa naye ni mtoto wake wa kiume, kitinda mimba, mchomeleaji mwenye karakana uani. Kwa hiyo mpango ulikuwepo: king'ora cha kwanza kikilia, kijana anambeba baba mgongoni, wanapanda. Walishajaribu. Mzee alilalamika njia nzima kwamba anabebwa kama gunia la mkaa, lakini walifika.

Ardhi ilitikisika mchana wa siku ya kazi, Mama King'ora akiwa ofisini mlimani, anagombana kwa simu na mtu wa betri za vipaza sauti. Vikombe vilicheza mezani, vikatulia. Muda si mrefu taarifa ikaingia: tetemeko limetokea chini ya bahari, ondoeni watu. Alibonyeza king'ora cha kwanza kwa mkono wake, akamwachia msaidizi chumba, akateremka darajani kwa pikipiki ya ofisi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake, kwa mujibu wa mpango wake mwenyewe. Kabla ya kuwasha pikipiki alimpigia mdogo wake.

"Umeshambeba?"

Nyuma ya sauti ya kijana zilisikika mashine za kukata chuma. "Dada, niko mji wa jirani, nimefuata vyuma. Si nilikutumia ujumbe asubuhi? Kuna nini?"

Hakuwa ameusoma. Simu ikakatika na haikuingia tena. Mji mzima ulikuwa unapiga simu.

Aliendesha kama kichaa, akijiambia kwamba akiwahi atapita, atashuka, atatafuta vijana wa kubeba. Hakuwa amezima pikipiki king'ora cha pili kikalia. Askari wa zamu, mtu mrefu mpole waliyefanya naye mazoezi mara nyingi, akavuta mnyororo upande wa kushukia na kusimama mbele yake.

Watu walipanda kwa wingi, mabega yakigusana, watoto juu ya vichwa, mmoja amebeba televisheni. Walipita vizuri. Hakuna aliyekanyagwa. Mama King'ora aliwatazama uso kwa uso, akitafuta jirani wa baba yake, kisha akaona uso uliotoka upande mwingine kabisa. Alikuwa msusi wa saluni ya mlimani, aproni bado kiunoni, kitana mkononi.

"Nipisheni, mume wangu yuko chini," msusi alisema. "Ni mlinzi wa usiku. Saa hizi amelala, na akilala yule ni gogo, king'ora hakimwamshi."

"Majirani watamwamsha," Mama King'ora alisema.

"Wewe umejuaje? Nipishe, dada yangu. Naenda na kurudi."

"Siwezi."

"Huna mtu kule chini, ndiyo maana unaongea kwa raha hivyo!"

Askari alimtazama Mama King'ora, kwa sababu yeye alijua. Wengine walishakusanyika nyuma ya msusi, na kila mmoja alikuwa na wake. Hapo vipaza sauti vya mitaa ya chini vikaanza tangazo, na sauti yake mwenyewe ikavuka mto: Ondoka sasa hivi. Usirudi nyuma. Usimsubiri mtu yeyote. Ikarudia. Alijua vilipofungwa vyote. Kimoja kilikuwa juu ya nguzo iliyotazamana na dirisha la baba yake.

Askari akainama karibu na sikio lake. "Bosi, pita. Mimi sijaona."

Miguu yake ilishaanza. Mkono wake ulikuwa juu ya mnyororo, na chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Akageuka, akaona macho ya msusi yameganda kwenye mkono ule. Akiinua mnyororo, wote wanashuka. Na darajani, msururu wa watu wanaopanda ulikuwa haujaisha.

Aliondoa mkono. Akaupitisha mkanda wake wa suruali kwenye pete ya mnyororo, akajifunga hapo, kwa sababu hakujiamini. "Hakuna anayeshuka," alisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Msusi alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Alimwacha ampige.

Maji hayakuja kama ukuta. Yalivimba tu, ya kahawia, yakaingia mitaani na mabati na meza na mbwa, yakapanda mpaka kwenye madirisha, na kwa muda mrefu hayakutaka kuondoka.

Siku hiyo walihesabiwa maelfu waliovuka salama. Baba yake alipatikana hai. Alikuwa amejifunga shuka kwenye nondo za dirisha kwa mkono mmoja na meno, maji yakamfika kidevuni. Mume wa msusi alipatikana kitandani.

Baadaye mwenyekiti alimpa mkono mbele ya kamera. Mdogo wake hakumpa. "Ulikuwa darajani," alimwambia hospitalini, mbele ya kitanda cha mzee. "Ukasimama tu."

"Na wewe ungekuwa nyumbani..."

"Nilikutumia ujumbe!"

"Nyamazeni," mzee akasema, kifua kikikoroma kwa maji aliyovuta. "Mkitaka kugombana, subirini nife kwanza, mpate sababu."

Mtaani maneno yalizunguka: baba yake mwenyewe kapona, wa mwenzake kafa. Alikwenda kwenye msiba, akakaa nyuma na wanawake wengine. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyesogea kumpisha. Msusi ndiye aliyemfuata nje.

"Nijibu kitu kimoja. Ungeniruhusu, ningefika?"

Angeweza kusema hapana, na hapana ingewaokoa wote wawili.

"Nadhani ungefika," alisema. "Kutoka naye, hapana."

Msusi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akarudi ndani. Tangu siku hiyo wakikutana sokoni kila mmoja hushika njia yake.

Mama King'ora aliandika barua ya kuacha kazi. Mwenyekiti akaisoma na kumrudishia. "Nani mwingine atasimama pale?" aliuliza, na kwa kweli hakukuwa na mtu. Kwa hiyo akafanya alichoweza. Kila mtaa wa chini ukapata watu wa zamu wenye machela, na wengine wa kugonga milango ya wanaolala mchana, wote kabla ya king'ora cha pili. Mdogo wake alijiandikisha kubeba. Kwenye mazoezi alishika machela bila kumsalimia dada yake, ila alipokosea kufunga mkanda alimwacha amrekebishie.

Jioni alikwenda kumwona mzee, aliyerudi kwenye nyumba ile ile, kuta bado zina alama ya tope. Alimweleza kila kitu: nani atakuja, atapitia mlango gani.

"Vizuri," mzee alisema. "Na wewe utakuwa wapi?"

Alikuwa anamkunjia shuka. Aliendelea kuikunja.

"Darajani, baba."

Mzee aligeuza uso dirishani, upepo ukimpiga. "Haya," alisema. "Nipe maji ninywe."