Hadithi Zisizopenda Jua

Milimani Kabylia hata mtoto anayetambaa anajua: ukisimulia hadithi jua likiwaka, wanao watanyonyoka nywele. Hadithi ni za usiku. Kwa hiyo Bi Taklit alipomgeuza kitukuu chake Aghiles na kumkuta na upara kisogoni, unang'aa kama umepakwa mafuta ya zeituni, moyo ulimpasuka.

"Tiziri! Njoo uone ulichomfanyia mwanao!"

Mjukuu wake akaja mbio, unga wa mkate mikononi. Tiziri alikuwa akifundisha fasihi ya kale chuo kikuu, kule Tizi Ouzou. Utafiti wake juu ya hadithi za mabibi ulikuwa umelala maktabani, ukisomwa na maprofesa wawili na panya. Ndipo akaanzisha podikasti: bibi anasimulia, yeye anaeleza hadithi ilikotoka na wazee walichokificha ndani yake, na watu wanasikiliza kwenye simu. Bi Taklit alikuwa amesimulia usiku, kando ya jiko, kama inavyopasa. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wangesikiliza mchana.

"Bibi, watoto wote hutoka upara hapo. Ni kulalia mto tu."

"Mto! Wewe mbona ulilala mpaka ukachosha mto, na nywele zako hizo? Jirani yetu Ferroudja kaniambia ananisikiliza adhuhuri, akipalilia vitunguu. Sauti yangu inazurura juani kama kuku asiye na mwenyewe! Irudishe."

"Hairudi. Iko kwenye simu za watu, mpaka ng'ambo."

"Basi hadithi zilizobaki nitazikwa nazo."

Tiziri akakaa chini, pwaa. Zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko zilizosimuliwa, na hapakuwa na mwingine kijijini aliyezijua.

"Unaniua, Bibi."

"Wewe mkubwa, utapona. Huyu je?"

Akambeba mtoto, akaenda kukaa mlangoni. Theluji ilikuwa ikimeremeta kileleni, na harufu ya zeituni zilizokamuliwa ilipanda kutoka bondeni, nzito, tamu, ya kulevya. Aghiles akalala. Chini ya kope zake macho yalitembea huku na huku, akamchekea mtu asiyekuwepo. Bi Taklit akamwinamia, akamwinamia tena, hata naye usingizi ukamchota. Akamwona mama yake, aliyekufa zamani, anapita uani na sufu begani.

"Mbona umekaa gizani, mwanangu?"

"Si mchana huu, mama?"

"Kwangu mimi ni mchana. Kwako ni usiku."

Akashtuka. Jua lilikuwa palepale.

"Tiziri," akaita taratibu. "Kitendawili!"

"Tega," akajibu Tiziri, bado kanuna.

"Nina usiku wangu, natembea nao juani, na haunielemei."

"Kivuli."

"Kivuli usiku? Mwalimu mzima wewe!"

"Kisima. Basi, nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Bejaia."

"Nimekwenda Bejaia, nimekula dagaa wake wote, nimewaachia paka miba, nimerudi. Jibu ni kope. Ukizifunga tu, usiku umeingia. Mtazame mwanao."

Tiziri akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akacheka, machozi yakimlenga, akaenda kuchukua kinasa sauti. Siku hiyo Bi Taklit alitoa maneno machache tu, ya kutangulia kila hadithi, mpya na zilizokwisha kurushwa:

"Wewe unayenisikia, kama kuna jua, weka kazi chini ufunge macho. Kama unaendesha gari, nizime; nitakungoja."

Mavuno ya zeituni ya mwaka uliofuata yalipofika, alipanda hadi shambani kwa Ferroudja. Simu ilikuwa imening'inizwa tawini, na chini yake wanawake wakiokota na kutaniana. Sauti yake ikatoka mtini, ikawaomba usiku. Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, mikono ikatulia vikapuni, nyuso zikalegea kama za watoto. Mahali fulani zeituni ikadondoka kwenye turubai.

"Bi Taklit," Ferroudja akanong'ona, macho kayafumba, "nasikia fimbo yako. Kaa bwana, unatuletea mchana."

Bi Taklit akakaa nyasini, akafunga macho. Giza likaja jekundu, lenye joto. Humo ndani mwanamke fulani akaanza kusimulia, naye akasogeza sikio, asipitwe.